C au asembli: mashine moja ya vifaranga, programu mbili

C na asembli ni lugha mbili za kuandikia programu za chipu: asembli inaandika agizo mojamoja la chipu, C iko karibu zaidi na lugha ya mtu. Kijana anayekuja benchini kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, kuuliza "fundi, nianze na C au asembli?" mara nyingi ameshachagua, anatafuta tu wa kumuunga mkono. Aliyeangalia video nyingi anaamini asembli ndiyo ya wanaojua na C ni ya wavivu. Aliyezoea Arduino (bodi ya chipu ya wanaoanza) anaamini asembli ilizikwa pamoja na kanda za kaseti. Siku hizi sibishani na yeyote. Nafungua kompyuta, nawaonyesha faili mbili za kifaa kimoja: kidhibiti cha mashine ya kutotolesha vifaranga niliyomtengenezea mama mmoja mfugaji wa kule Uyole. Faili moja niliiandika kwa asembli, nyingine kwa C. Zote mbili ziliniumbua, kila moja kwa namna yake.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Ubongo wake ni ATmega328P, chipu ileile iliyo kwenye Arduino Uno: kilobaiti 32 za flashi (inapokaa programu), kilobaiti 2 za RAM (kumbukumbu ya muda), na saa inayopiga mara milioni 16 kwa sekunde. Joto linapimwa na sensa ya DS18B20. Relei ya kwanza (swichi inayoendeshwa na chipu) inawasha balbu za kupashia joto, ya pili inaendesha mota ya kugeuza trei. Mayai ya kuku yanataka nyuzi 37.5 kwa siku 21, na yanageuzwa mara kadhaa kwa siku mpaka siku ya 18.

Mstari mmoja, lugha mbili

DS18B20 haitoi desimali. Inatoa namba nzima ya baiti mbili, na kila hatua ya namba hiyo ni sehemu 0.0625 ya nyuzi moja. Kwa hiyo 37.5 ni 600 kamili, bila masalia. Kwa C, uamuzi wa kuwasha au kuzima balbu ni huu:

```
if (joto < 600)
    washa();
else
    zima();
```

Kwa asembli ya AVR (familia ya chipu hii), joto likiwa ndani ya r24 na r25, uamuzi huohuo:

```
cpi   r24, LOW(600)
ldi   r18, HIGH(600)
cpc   r25, r18
brsh  zima
rjmp  washa
```

AVR ni chipu ya biti 8. Rejista moja (kisanduku cha namba ndani ya chipu, kama r24) inabeba 0 mpaka 255, basi. Namba 600 haiingii humo, lazima ikatwe vipande viwili: baiti ya juu ni 2, ya chini ni 88, kwa kuwa 2 mara 256 jumlisha 88 ni 600. Mstari wa kwanza unalinganisha baiti za chini. Wa pili unaandaa ile ya juu. Wa tatu unalinganisha za juu ukikumbuka deni lililoachwa na za chini. Ndipo `brsh` inaruka kwenda kuzima kama joto limefika. (Nimeichukua namba kama isiyo na hasi. Hata Juni, ndani ya chumba cha Uyole sensa haishuki chini ya sifuri.)

Kompaila ya C (programu inayogeuza C kuwa maelekezo ya chipu) ikikutana na ule mstari wa `if` inatoa maelekezo yanayokaribia sana hayo niliyoandika kwa mkono. Kwa kasi na kwa ukubwa, hapo ni sare. Anayekuambia asembli ni "haraka mara kumi" muulize alilinganisha na nini.

Nilivyoharibu kwa asembli

Toleo langu la kwanza la asembli lilikosa mstari wa pili na wa tatu. Nililinganisha baiti ya chini peke yake. Asembla (inayogeuza asembli kuwa lugha ya chipu) haikulalamika, na haikuwa na sababu: kila mstari ulikuwa halali.

Benchini mchana chumba kilikuwa nyuzi 20. Sensa ikatoa 320, baiti ya chini ni 64, pungufu ya 88, relei ikashika. Nikaifumbata sensa kiganjani. Relei ikaachia kidogo, kisha ikashika tena. Nikadhani waya umelegea, nikaukaza. Nikaichovya kwenye kikombe cha maji vuguvugu, ikaachia na kutulia. Safi kabisa, nikafunga boksi.

Yule mama nilimkabidhi jioni, akaiwasha alfajiri. Chumba kilikuwa nyuzi 12, sensa ikatoa 192, na 192 ni kubwa kuliko 88. Kwa hesabu ya programu yangu, mayai yalishapata joto la kutosha. "Fundi, hii mashine yako imelala," akanipigia simu, "mayai ya baridi kama mawe ya mtoni." Bahati yangu alikuwa ameweka kumi tu ya majaribio.

Ule mshtuko wa relei kiganjani ndio uliokuwa ukiniambia ukweli. Kati ya nyuzi 21.5 na 32 baiti ya chini inapita 88 na kwenda mpaka 255, halafu inarudi sifuri. Sensa ilipokuwa ikipanda kutoka chumbani kwenda joto la mwili ilipita hapo kwa sekunde chache. Mimi nikamlaumu waya. Kutafuta kosa lile kulinichukua usiku mzima, kwa sababu kwenye asembli hakuna kinachosema "hii ni namba ya baiti mbili". Ni wewe tu unayejua kwamba r24 na r25 ni ndugu.

Nilivyoharibu kwa C

Nikaandika upya kwa C, nikajiona nimepona. Trei zilitakiwa zigeuke kila saa nne:

```
unsigned long muda = 4 * 60 * 60 * 1000;
```

Milisekunde 14,400,000, ndivyo anavyosoma mtu yeyote aliyepita darasa la nne. Chipu haisomi hivyo. Kwenye AVR, `int` (namba nzima ya kawaida ya C) ina biti 16 na kikomo chake ni 32,767. Namba zote nne upande wa kulia ni `int`, kwa hiyo kuzidisha kunafanyika ndani ya biti 16 kabla hata ya kuangalia kwamba upande wa kushoto kuna chombo kikubwa. Kilichobaki baada ya kufurika ni -17,920, na hicho kikimiminwa ndani ya `unsigned long` kinasomeka 4,294,949,376. Ni milisekunde za siku 49 na ushee. Vifaranga wanatoka siku ya 21.

Mama akasema trei hazijasogea tangu jana. Dawa ni herufi mbili: `4UL` badala ya `4`. Kuipata kulinichukua dakika kumi, kwa kuwa kompaila ilikuwa inapiga kelele muda wote kuhusu kufurika. Mimi ndiye niliyekuwa nimefanya kazi na maonyo yamezimwa. Yawashe yote kabla hujaandika mstari wa kwanza.

Sasa ulinganisho wa kweli ndio huu. Kwa asembli ukubwa wa kila namba unaushika mkononi: huwezi kujaribu 14,400,000 bila kugundua kwamba unahitaji rejista tatu kwa uchache. Lakini ukisahau moja, hakuna wa kukukumbusha. Kwa C unautaja ukubwa mara moja kisha unausahau, na siku utakayoukosea kuna mlinzi wa kukuonya, mradi hujamfunga mdomo. Mimi ni msahaulifu. Nachukua lugha yenye mlinzi.

Umeme ukikatika

Kuna jambo ambalo halitajwi kwenye ubishi huu wa vijana, nalo ndilo linalokula muda: kazi ndogondogo za pembeni. Huku kwetu umeme unakatika, na mashine ya vifaranga lazima ikumbuke ni siku ya ngapi. Namba hiyo inahifadhiwa kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukienda.

Kwa C ni mwito mmoja, `eeprom_update_byte`, ambao kabla ya kuandika unaangalia kama thamani imebadilika ili usichoshe kumbukumbu bure, maana kila seli imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000. Kwa asembli unasubiri uandishi uliotangulia umalizike, unaweka anwani, unaweka data, unazima interapti (tukio linalokatisha programu kwa muda), unawasha biti ya ruhusa, halafu ndani ya mapigo manne ya saa unawasha biti ya kuandika. Ukichelewa pigo moja, hakuna kilichoandikwa na hakuna kilicholalamika. Si kazi ngumu. Ni kazi ya kuandika mara moja maishani na kuihifadhi. Lakini kwenye mradi mmoja kazi za namna hiyo zinafika ishirini, na kwa C ishirini zote zimeshaandikwa na kujaribiwa na watu wengine.

Gawanya pia. AVR haina agizo la kugawanya. Kwa C unaandika alama ya `/` na kompaila inaingiza utaratibu mrefu wa kutoa na kusogeza biti. Kwa asembli utauandika mwenyewe, au utajifunza kuukwepa. Huo ukwepaji ni elimu nzuri, nakiri. Ndio ulionifanya nione kwamba sihitaji kugeuza 600 kuwa 37.5 kabla ya kulinganisha, na nimeuhamishia kwenye C yangu.

Wanaosema C ni nzito

Wengi wao walipima laibrari (programu zilizoandikwa tayari na wengine), hawakupima lugha. `digitalWrite` ya Arduino inachukua maikrosekunde kadhaa kubadili pini moja, kwa sababu kila mara inatafuta pini hiyo iko mlango gani (kundi gani la pini) na kama kuna taimu (kihesabu muda cha chipu) inayoitumia. Andika C ya moja kwa moja, `PORTB |= (1 << 5);`, ukiwa umewasha ubanaji wa kompaila (inapofupisha programu yenyewe), na kinachotoka ni agizo moja tu la `sbi`: baiti mbili, mapigo mawili, nanosekunde 125 kwenye saa ya megahezi 16. Asembli haina cha kupunguza hapo.

Ubanaji huo nao una meno. Ukiandika lupu tupu ya kuhesabu mpaka elfu kumi ili kupoteza muda, kompaila itaona haina faida na kuifuta yote. Namba inayobadilishwa ndani ya interapti usipoipa `volatile`, programu kuu inaweza kubaki inasoma nakala ya zamani milele. Asembli haina ujanja huo: ulichoandika ndicho kinachotekelezwa.

Pale asembli inapostahili kiti

Chukua ATtiny13A, ile ya pini nane. Ina kilobaiti 1 ya flashi na baiti 64 za RAM. Baiti sitini na nne, si kilobaiti. Kila fankisheni (kipande cha programu kinachoitwa kwa jina) ikiitwa inakula mbili za anwani ya kurudi, pamoja na rejista zinazotunzwa. C inawezekana humo, nimeshaifanya, lakini lazima uandike ukijua kila baiti inalala wapi.

Ugumu wa pili ni muda. ATtiny13A inatoka kiwandani ikipiga megahezi 1.2, yaani 9.6 iliyogawanywa kwa 8. Sensa ya DS18B20 inataka usome jibu lake ndani ya maikrosekunde 15 tangu uvute waya chini. Kwa kasi hiyo ni mapigo 18 tu. Kwa asembli unayahesabu kwa kidole kwenye karatasi: `sbi` mapigo mawili, `nop` pigo moja, na kuendelea. Kwa C unategemea kompaila iliyo na busara leo na toleo jipya lenye busara tofauti kesho. Unaweza kuondoa mgawanyo huo na kupata mapigo 144, na wengi wanaishia hapo. Ila kama betri ndiyo inayolisha kifaa, kule shambani Rungwe kusiko na nguzo, unaweza kutaka kubaki polepole makusudi.

Interapti nazo. Kwa C, kompaila inatunza rejista ya hali na rejista zilizotumika, inazirudisha, hujui lolote. Kwa asembli unaweza kutunza moja tu na kuingia haraka zaidi. Ukisahau kutunza ile rejista ya hali, interapti ikidondokea kati ya `cpc` na `brsh` inavuruga matokeo ya ulinganisho, na kosa lako litatokea mara moja kwa wiki, tena wakati haupo. Kwenye chipu za ARM Cortex-M hata sababu hii imepungua: zenyewe zinasukuma rejista muhimu kwenye staki (rundo la kumbukumbu ya muda), kwa hiyo kishughulikia interapti ni fankisheni ya kawaida ya C. Kwa chipu kubwa kama STM32 au ESP32 sioni kwa nini mtu aanze na asembli.

Na kuna PIC za zamani, familia nyingine ya chipu. PIC16F84A ina maelekezo 35, rejista moja ya kazi, baiti 68 za RAM, na staki ya ngazi nane isiyogusika. Iliundwa bila kumfikiria mwandishi wa C. AVR ni kinyume: wabunifu wake wawili wa Norwe waliipa rejista 32, na seti yake ya maelekezo ilipangwa kwa ushauri wa watengeneza kompaila. C inakaa kwenye AVR kama mtu kwenye kigoda chake. Kwenye PIC16 inachuchumaa. Ukiletewa taimu ya pampu yenye PIC ya aina hiyo, asembli ya maelekezo 35 utaikariri kwa wiki moja.

Lugha ya nyumbani na lugha ya stendi

Tatizo ni kwamba ukishaikariri, umekariri ya PIC. Kuwasha biti ya tano ya mlango B kwenye PIC ni `bsf`, kwenye AVR ni `sbi`, na kwenye PIC unaweza kulazimika kuhama benki ya kumbukumbu kwanza. Asembli si lugha moja. Ni kama Kinyakyusa na Kihehe: ukitoka Tukuyu ukashuka Iringa mjini na "ugonile" yako utajibiwa kwa tabasamu, mazungumzo yataishia hapo. C ni Kiswahili cha stendi. Ina lafudhi ya kila chipu, majina ya rejista yanabadilika, lakini ile hesabu ya siku, ya saa nne na ya 600 inahama na wewe.

Kwa fundi wa mkoani hili si la vitabuni. Chipu niliyozoea ikikosekana naagiza Dar es Salaam, na kama nako hakuna, nabadili chipu. Mwaka ule nilipohamia chipu nyingine kwenye kidhibiti cha tangi la maji, kodi ya C (hii haihusiani na mapato) nilibadilisha kama sehemu ya tano. Ya asembli ningeitupa yote.

Kwa hiyo uchukue ipi

Kama kifaa kitamfikia mteja na utaitwa kukirekebisha baada ya miezi sita, andika C. Hata kama ni wewe mwenyewe utakayerudi: baada ya miezi sita wewe ni mgeni kwenye kodi yako, na r18 haitakuambia ilikuwa inabeba nini. Kama chipu ina chini ya kilobaiti 2 za flashi au kazi inahesabiwa kwa mapigo, andika sehemu hiyo tu kwa asembli na uiite kutoka kwenye C. Kwenye mashine ya Uyole hakuna hata mstari mmoja wa asembli uliobaki. Kwenye taa za rangi za WS2812 nilizowahi kufunga ukumbini, ambapo biti moja ina maikrosekunde 1.25, yaani mapigo 20 ya Uno, lupu ya kutuma biti ni asembli na mengine yote ni C.

Kwa mwanafunzi, awe wa vyuo vya hapa jijini au anayejifunzia nyumbani Makambako, ushauri wangu hauwafurahishi wa pande zote mbili. Anza na C, lakini usiandike wiki tatu bila kutazama kinachotoka. Endesha `avr-objdump -d` kwenye faili lako, tafuta ule mstari wa `if`, uone `cpi` na wenzake. Badili `uint16_t` iwe `uint8_t` uone mistari gani inatoweka. Kusoma asembli kunahitajika kila wiki. Kuiandika, mimi nimeihitaji mara nne au tano kwa miaka yote niliyokaa kwenye kazi hii.

Mwezi uliopita yule mama amerudi. Mashine anaisifu, sasa anataka iangue na mayai ya bata, ambayo yanakaa siku 28. Kwenye faili la C kulikuwa na namba mbili za kuweka kwenye jedwali, 28 na siku ya kuacha kugeuza, na kitufe kimoja cha kuchagua. Nilimaliza akiwa bado amekaa benchini, akasema "ndaga" na kubeba boksi lake. Baada ya hapo nilifungua lile faili la asembli kwa udadisi, nione kama ningeweza. Siku ilikuwa inahesabiwa kwenye r19, nadhani, au ile ilikuwa ya trei.